Hodi kwenye Stesheni

Asubuhi ile niliondoka hosteli mjini Tokyo bila kujua naenda wapi. Dada yangu alikuwa amepiga simu kutoka London: upasuaji wa moyo wa Mama umewahishwa, anaingia leo.

"Na wewe uko wapi?"

"Japani."

"Japani! Umepoteza nini huko? Haya, simu usizime. Mama atataka kukusikia kabla hajaingia."

"Ninayo mkononi."

Ndege niliyopata ilikuwa ya kesho yake. Kukaa chumbani sikuweza. Hata shule niliiacha kwa sababu ya kukaa tuli. Nikapanda treni, nikabadilisha, nikabadilisha tena, mpaka nikajikuta kwenye treni ya behewa moja tu, kati ya mashamba ya mpunga. Chaji ilikuwa inaisha, nikaichomeka simu kwenye betri ndani ya begi.

Kituo kimoja kilinivutia: kibanda cha mbao, benchi lenye mito ya kufumwa. Nikasimama mlango wa nyuma, begi miguuni, nikibonyeza kitufe kama tunavyofanya kwetu Peckham, London. Haukufunguka. Dereva akanipungia mkono: huku, mbele. Yeye ndiye kila kitu, anaendesha na anapokea nauli. Nikakimbia, nikalipa, nikashuka. Treni ilipoondoka nikaliona begi langu kwenye kioo cha mlango wa nyuma, linakwenda.

Nikageuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Hakuna dirisha la tiketi, hakuna ofisi.

"Hodi!" nikaita. Hodi, Japani! Vyura wakajibu.

Baadaye akaja bibi mmoja na ufagio, kufagia kituo. Nikamwonyesha reli, mgongo wangu, sikio langu. Akaelewa. Akapiga simu mahali, akaniashiria kwa mikono: begi litarudi kesho, nikishalala. Kisha akanipa simu yake.

Namba ya dada siijui. Nani siku hizi anaijua namba ya mtu? Niliyokuwa nayo kichwani ni moja tu, ya simu ya mezani nyumbani Peckham, ambayo Mama alitukaririsha utotoni tusije tukapotea.

Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Wote walikuwa hospitali.

Bibi akanichukua kwake, akanitandikia godoro sakafuni, akaniachia simu kando ya mto. Nikapiga tena. Nilijua inalia pale koridoni, kwenye kimeza kilicho juu ya viatu vya Mama.