Mpira mmoja wa breki ya Fuso ulivyomaliza ng'ombe wa mahari yangu

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, ila sijawahi kuanzisha uzi. Huu nimeuandika kwa siku nne kwenye simu, nafuta, narudia. Kuandika kwangu ni kwa taratibu, shule niliishia darasa la saba. Sitaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, mjue ndivyo nilivyokuwa.

Napatikana Bariadi, mkoa wa Simiyu. Naendesha Fuso ya baba, tani kumi, breki zake ni za upepo. Baba aliuza ng'ombe wake, akainunua ikiwa imetumika. Yeye mwenyewe hajui kuendesha, maisha yake yote ni mifugo na pamba.

Kwa wasio wa huku niwaeleze jambo moja, bila hilo hamtanielewa. Kwetu Usukumani binti akiolewa, ng'ombe wake wa mahari mara nyingi ndio wanaokuja kumwozea kaka yake. Dada yangu alipoolewa waliingia ng'ombe kumi na wawili. Baba akasema mbele ya wajomba, "Hawa hawaguswi. Ni wa huyu kijana."

Na kijana nilikuwa nimeshapata mtu. Anaitwa Kabula, kwao ni Shishiyu, wilaya ya Maswa. Barua ya posa ilipelekwa, ikajibiwa vizuri. Tukakubaliana ng'ombe kumi, wapelekwe msimu wa pamba ukiisha.

Sasa njoo kwenye gari.

Mwanzoni mwa msimu huo nilikuwa natoa pamba vijijini kuleta kiwandani. Siku moja mchana nateremka kuelekea daraja, gari limejaa, mbele nikaona kundi la ng'ombe linavuka. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo zaidi. Mara ya tatu alamu ya upepo ikaanza kulia, na mguu ukawa kama unakanyaga godoro.

Nikarudisha gia kwa nguvu, nikatoka barabarani, nikaingia kwenye shamba la choroko la mtu. Gari likasimama lenyewe kwenye udongo mlaini. Hakuna aliyeumia. Injini ikazimika, pakawa kimya.

Sasa sikilizeni hapa, wakuu, maana uzi wote upo hapa.

Upepo kidogo ulikuwa umebaki kwenye tenki. Bila hata kufikiri nikakanyaga breki tena, na kwa kuwa injini imezima, nikasikia. Nyuma, upande wa kulia, karibu na tairi: pshiiii. Nikaachia mguu, ikakata. Nikakanyaga, pshiiii. Nikaachia, kimya. Na mshale wa geji unashuka kila nikikanyaga.

Yaani nilijua siku ile ile. Sikujua kifaa gani kimekufa, ila nilijua ni nyuma kulia, na ni pale tu ninapokanyaga.

Baba akaamua twende gereji ya mjini, kwa fundi mmoja nitakayemwita Maduhu, si jina lake. Ni mtu wa rika la baba. Nilipeleka gari polepole, baba kakaa pembeni yangu.

Kwetu mkienda mahali na mzazi, mzazi ndiye anayeongea. Wewe unasimama nyuma yake, unasubiri. Hata kama gari unaendesha wewe.

"Mwangaluka, fundi," baba akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Mhola?"

"Mhola. Gari linatusumbua. Breki hazishiki, upepo haujai."

Upepo ulikuwa unajaa. Shida ni kwamba ulikuwa unaisha. Lakini baba angejuaje, hajawahi kukaa kwenye usukani.

Fundi akanigeukia. "Na huyu ndiye dereva?"

"Ndiye," baba akajibu.

"Mbona anaangalia viatu vyangu? Kijana, viatu hivi siuzi."

Vijana wa gereji wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Fundi akaniuliza, "Wewe umeona tatizo gani?"

Wakuu, maneno yalikuwa yamefika kooni. Nikamwangalia baba, nikaangalia wale wanaocheka. Nikasema, "Kama alivyosema baba."

Basi. Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza.

Fundi Maduhu akafunua, akagonga hapa na pale, akasema kompresa imechoka, haisukumi upepo wa kutosha. Akapaka maji ya sabuni kwenye mipira yote ya upepo, injini ikiwa inanguruma, hakuna povu la kuonyesha panapovuja. Ni kweli hapakuwa na povu, kwa sababu hapakuwa na mtu amekanyaga breki. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae kwenye benchi, dereva asisumbue.

Kompresa ikaagizwa Mwanza. Ng'ombe watatu wakaenda mnadani.

Baba alinambia, "Tunakopa tu kwako. Gari likifanya kazi tunarudisha."

Wiki nzima gari limelala. Ilipofungwa, fundi akalijaribu pale uwanjani likiwa tupu, likasimama vizuri. Baba akafurahi. Mimi nilijua gari tupu linasimama hata kwa breki mbovu, ila nikasema moyoni labda, labda fundi ameona nisichokiona.

Safari ya kwanza na mzigo, hali ikawa ile ile.

Jioni hiyo wakati wa kula nilijaribu. Nikasema, "Baba, mimi naona kama shida iko nyuma."

Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumwachie fundi. Yeye ndiyo kazi yake."

Nikaendelea kula. Ningeweza kuongeza sentensi moja tu, kwamba nimesikia kwa masikio yangu. Lakini hapo ng'ombe watatu walishaenda. Kusema wakati ule ni kusema pia kwamba nilijua kabla hawajaenda. Mnaona mtego wenyewe? Kila ng'ombe aliyeuzwa alifanya neno lizidi kuwa zito.

Tukarudi gereji. Fundi akasema basi ni valvu ya chini ya pedeli. Ng'ombe wawili.

Tukarudi tena. Akasema lining za breki zimeisha na madramu yanayosuguana nazo yamelika, yachongwe, tufunge mpya tairi zote. Na yeye alikuwa haongopi kwamba zimelika kidogo, kila gari kuukuu lina kitu kimelika. Ng'ombe wanne.

Vijana wa gereji walishanipa jina, Dereva Bubu. Nikifika tu: "Dereva Bubu kaja, leteni chai!" Na mimi nacheka nao. Ndiyo, nilikuwa nacheka.

Wakati huo wakala wa pamba alishachoka kutusubiri, mzigo wetu akampa mwenye lori lingine. Msimu ukaishia gereji.

Safari ya nne fundi akasema sasa ni tenki la upepo. Baba alikuwa mnadani, akanituma peke yangu nikaulize bei kwenye duka la spea pale Somanda, hapa hapa mjini. Mwenye duka ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Zuhura.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia vizuri.

"Mwanangu, nyie si ndio wa ile Fuso? Mbona mnanunua gari kipande kipande? Si mngenunua zima tu?"

Nikacheka kidogo.

"Anayeendesha nani?"

"Mimi, mama."

"Haya. Wewe ukikanyaga breki, unasikia nini?"

Dukani hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na baba, hapakuwa na wa kucheka. Nikamweleza yote, shambani, injini imezima, nyuma kulia, nikikanyaga inatoa, nikiachia inakata. Yalitoka kama maji. Sidhani kama nilishawahi kuongea maneno mengi vile kwa mtu mzima.

Akaweka kalamu chini.

"Hili ulimwambia fundi?"

"Hapana."

"Baba yako?"

"Hapana."

"Ya Rabi," akasema. "Mimi si fundi, nauza tu. Lakini tenki leo sikuuzii. Nenda jaza upepo, zima injini, weka vizuizi kwenye tairi. Mtu akae akanyage breki asiachie. Wewe zunguka na maji ya sabuni nyuma ya kila tairi. Ukiona povu, njoo."

Nilirudi nyumbani, gari tulikuwa tumelivuta mpaka uani. Baba aliporudi nikamwambia Mama Zuhura kasema tujaribu hivi. Nilisema Mama Zuhura kasema. Sikusema mimi.

Wa kukanyaga alikuwa baba. Ndiyo mara ya kwanza kumuona amekaa kwenye usukani wa gari lake. Akavua kofia, akaiweka pembeni kama mtu aliyeingia ofisini.

"Nikanyage?"

"Kanyaga baba, usiachie."

Nikaenda moja kwa moja nyuma kulia. Sikuzunguka tairi nyingine, nilikuwa najua. Kuna kibakuli cha chuma karibu na tairi, mafundi wanakiita chemba, upepo ukiingia unasukuma mpira ulioko ndani na mpira unasukuma breki. Nikamwaga sabuni. Povu likafumuka, jeupe, kubwa kama ngumi.

Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Bei yake haifiki bei ya kuku wawili.

(Tahadhari kwa mnaopenda kujifungulia wenyewe: zile chemba za nyuma nyingi zina springi kali sana ndani, ukifungua hovyo inaweza kukuua. Sisi tulipeleka kwa fundi mwingine anayezijua, kwa nusu siku kazi ikaisha.)

Nikapeleka mzigo wa mawe kujaribu. Breki inashika, geji haitikisiki.

Niliporudi, baba akanishika bega akasema, "Afadhali fundi Maduhu alibadilisha vile vingine vyote. Hivyo navyo vingekuja kukuua."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Kwenye zizi walibaki ng'ombe watatu.

Mshenga wetu alienda Shishiyu kuomba muda mpaka msimu unaofuata. Wazee wa kule hawakuwa wabaya, walisubiri miezi kadhaa. Kisha Kabula akanipigia mwenyewe.

"Wazee wanasema kuna watu wamekuja na posa kutoka Mwamanyili, kule Busega. Niambie kitu cha kuwaambia."

Nikashika simu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Sasa sema."

Nilitaka kumwambia awaombe mwezi mmoja tu. Nilitaka kumwambia gari limepona. Nikawa nasikia anavyopumua, na yeye nadhani alikuwa anasikia ninavyopumua.

"Haya, basi," akasema, akakata.

Ameolewa Busega sasa. Sina neno baya juu yake.

Nimejifunza nini? Mwenye gari, kabla fundi hajashika spana, dereva aulizwe, na aulizwe akiwa peke yake kama ni mtu wa aibu. Breki za upepo zijaribiwe mtu akiwa amekanyaga, injini imezimwa, kabla ya kununua chochote. Fundi anayebadilisha bila kujaribu hivyo, huenda si mwizi, ila atakumaliza kama mwizi. Na wewe dereva mwenye tabia kama yangu, sema siku ya kwanza. Siku ya kwanza neno ni jepesi.

Lakini wakuu, sikuandika uzi huu kwa ajili ya mafunzo. Nina shida.

Wiki iliyopita baba aliniita kibarazani, tukiwa wawili. Akaniambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilitamka mbele ya wajomba zako kwamba hawaguswi, na nimewala mimi." Mzee wangu hajawahi kuniomba msamaha maisha yake yote. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikamwambia, "Hakuna shida, baba." Hayo tu.

Akasema ameamua kuuza Fuso. Anataka anunue ng'ombe wengine kumi na wawili, awarudishe zizini kwa jina langu, ndipo apumzike. Mnunuzi ameshapatikana, anakuja Jumamosi kuliona gari. Breki zake ni nzima kuliko siku tuliyolinunua.

Baba anauza kitu pekee alichonacho kulipa kosa ambalo ni langu. Nikimwambia kwamba nilisikia tangu siku ile ya shamba la choroko, atajua amenyang'anywa mali na mdomo wa mwanawe uliokataa kufunguka. Nisipomwambia, Jumamosi gari linaondoka.

Leo ni Alhamisi. Wenye kunishauri nishaurini, wenye kunitukana nitukaneni, yote nitayasoma. Ila nawaomba mnijibu mapema, mimi ni mzito kuanza kuongea.