Haya Ipi

Mimi ndiye niliyesema tumekubali. Baba mkwe hakusema hivyo, wala mfugaji nyuki yeyote katika ule ukumbi wa ofisi ya kata, Itetemia. Nilisema mimi, mwalimu wa Kiingereza niliyekodiwa siku moja kutafsiri, tena kwa sauti ya kujiamini.

Mgeni alikuwa mwanamke mpole kutoka chombo kimoja cha kimataifa kinachopanga masharti ya vyakula vinavyouzwa ng'ambo. Aliongozana na afisa wetu wa hapa. Alikuja kukusanya maoni juu ya kanuni waliyokusudia kuipitisha: asali ya kuuzwa nje itoke kwenye mizinga ya masanduku ya mbao tu. Baba mkwe ana mizinga ya magome, ameitundika porini tangu ujana wake, na anaye mnunuzi mmoja anayepeleka asali hiyo ng'ambo. Kanuni ikipita, mnunuzi huyo hataigusa tena. Asali itabaki kuuzwa barabarani kwenye chupa kuukuu za maji, kwa yeyote atakayesimama.

Mgeni alieleza, nikatafsiri. Mwishoni akauliza kama wafugaji wanakubali. Baba mkwe, ambaye ni mwenyekiti wao, alivua kofia, akakohoa, akasema, "Haya. Tumesikia."

Kila aliyelelewa Tabora anajua kwamba haya si neno moja. Kuna haya ya twende. Kuna haya ya yaishe. Na kuna haya ya mtu mwenye adabu asiyetaka kumwambia mgeni hapana kabla hajala. Mtafsiri mwenye akili angemgeukia mzee amuulize ana maana gani. Lakini mimi ni mkwe wake. Kwetu ni mjini, ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, na nilipoolewa na Mnyamwezi niliambiwa jambo moja mara nyingi kuliko yote: baba mkwe hatazamwi usoni, wala hahojiwi mbele za watu. Miaka kumi na miwili nimempa shikamoo nikitazama viatu vyake. Viatu hivyo naweza kukuchorea. Uso wake, sina hakika.

Afisa alikuwa anaangalia saa, maana walikuwa na kikao kingine Igunga mchana. Nikasema kwa Kiingereza: wamekubali. Mgeni akaweka alama kwenye fomu, akatushukuru, gari likaondoka.

Nje, baba mkwe alisimama akaongea na ukuta, kama anavyofanya akitaka nimsikie bila kunisemesha. "Mwalimu aulizwe, hao wageni wanarudi lini kutusikiliza na sisi?"

Hapo nikaelewa kosa langu. Wafugaji walilichukua swali la mgeni kama la adabu, wakadhani asubuhi ile ilikuwa ya kutangaziwa tu, na zamu yao ya kusema ingefuata. Nikaviambia viatu vyake kila kitu, hadi neno nililolisema. Akavaa kofia yake. Kisha akauliza basi la Igunga linaondoka saa ngapi.

Tulisafiri basi moja, yeye mbele, mimi nyuma kabisa. Nilimpigia afisa simu. "Mwalimu, ripoti inatumwa leo jioni," akasema. "Maji yakishamwagika hayazoleki. Unataka kunivurugia kazi?" Akakata. Nzega basi likasimama kungoja abiria, na dereva akashuka kwenda kunywa chai. Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia dereva yule. Konda akaniletea chupa ya maji, akasema imetoka kwa mzee wa mbele. Hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka, maana nilitarajia anichukie.

Igunga tuliwakuta kwenye nyumba ya wageni, mgeni akiandika kwenye kompyuta, afisa akinywa soda. Afisa aliponiona alisimama. Nikamwambia mgeni kabla sijakaa: nilitafsiri vibaya, hawakukubali.

"Unajua unachokifanya?" afisa akaninong'oneza. "Kazi za kutafsiri hutazipata tena mkoa huu."

Nilijua. Mgeni akafunga kompyuta nusu, akauliza, kwa hiyo wanakataa? Nikajibu kwamba sijui, sikuuliza. Ilinichoma kusema hivyo mbele ya afisa.

Baba mkwe alikuwa ameshakaa, kofia juu ya goti. "Mwalimu amuulize," akasema, akitazama meza, "huko wanakopitisha hizi kanuni, sisi tunakaa upande gani?"

Nikatafsiri. Mgeni akasema kwamba wazalishaji wa kanda yetu wana kiti chao katika mkutano unaopitisha kanuni. Kiti kipo, jina la kanda limeandikwa mbele yake. Mkutano uliopita hakuna aliyekikalia. Nauli haikupatikana, na waliokuwepo wakaendelea. Wengi wao, akaongeza, wanatoka nchi zinazonunua.

Sikutaka kumtafsiria baba mkwe maneno hayo. Nilitamani mgeni awe mtu mbaya, mambo yawe mepesi. Nikayasema yote, neno kwa neno, hadi lile la nauli.

Baba mkwe aligeuza kofia mara mbili juu ya goti.

"Haya," akasema.

Mgeni akafungua kompyuta, akaweka vidole tayari. Afisa akanikazia macho. Mgeni akaniuliza kasema nini.

Nikainua macho kutoka kwenye viatu, yakapita goti, kofia, vifungo vya koti, yakafika usoni. Ana kovu dogo chini ya jicho la kushoto, la nyuki au la moto, sijui. Nilikuwa sijawahi kuliona.

"Haya ipi, baba?"

Hakukasirika. Alinitazama na yeye, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Ya kukataa," akasema. "Na kile kiti, mwambie wasikiondoe."