Kupima Mwanga Kasigau

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Hata mizani ya dukani huwa naiinamia nione kama sindano iko kwenye sifuri. Labda ndiyo sababu niliipenda kazi ya kusoma picha za setilaiti: picha haina jirani wala shangazi. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ofisi yetu iko Voi, karibu na mtaa wa Kaloleni nilikozaliwa. Jani lenye afya hurudisha juu aina ya mwanga wa jua ambayo macho yetu hayaioni. Setilaiti inaiona. Ili nasi tuione, kompyuta huipaka rangi nyekundu, kwa hiyo kwenye picha zetu shamba lililostawi huwa jekundu na lililokauka huwa la kijivu. Kiangazi kile Kasigau yote chini ya mlima ilikuwa kijivu, isipokuwa kipande kimoja. Nilikijua. Kilikuwa cha shangazi yangu, dada ya baba, mjane anayeishi peke yake.

Nikashuku. Kwanza nilikishuku chombo, kisha wingu, kisha, naona haya kusema, nikamshuku shangazi. Utotoni nilionywa nisile kwake.

Nilikwenda Kasigau na kipimio cha mkononi, kile tunachokielekeza kwenye jani kuhakikisha setilaiti haidanganyi. Kwenye baraza ya mzee wa mtaa nilichagua maneno kwa makini. Huko ukisema umekuja kupima mashamba, watu wanajua ardhi inakatwa, na hutapewa hata maji ya kunywa. Kwa hiyo nikasema, "Tumekuja kupima mwanga." Nikawaonyesha na picha.

Mwenye duka, mtu wa pwani, akaniuliza, "Na mmeshampata?"

Ile 'm' niliisikia nikaipuuza. Kiswahili chetu cha huku hakijali sana ngeli. "Bado," nikajibu kwa furaha, "lakini tunaanzia hapa penye nyekundu."

Laiti ningejiuma ulimi. Mwanga ni nuru, lakini kwa watu wa pwani mwanga pia ni mchawi, yule azungukaye uchi kwenye nyumba za watu.

Nikaenda kwa shangazi bila kujua nilichosema. Watu walinifuata, wakasimama nje ya ua. Yeye alinionyesha siri yake hata kabla sijauliza: bati kuukuu alilolikinga chini ya mwamba, ambapo ukungu wa mlimani hudondoka alfajiri, na mfereji mwembamba hadi kwenye kunde. Ni hayo tu, kila alfajiri, kwa miaka. Nilipima majani, nikaandika. Aliponikaribisha chakula nilisema nimeshiba.

"Hawa wanangoja nini?" aliniuliza akitazama ua.

"Wanashangaa mashine tu, shangazi."

Akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi. Hakuniamini.

Maana yenyewe niliipata nikiwa Voi, mzee wa mtaa aliponipigia simu. Aliuliza kwa sauti ya chini majibu ya kipimo yatatoka lini, ili yule mama ahamishwe kwa amani kabla vijana hawajachemka. Nilipiga kelele. Nilimweleza jua, nikamweleza jani, nikamweleza bati.

"Sawa, madam," alisema. "Lakini huyo si ni shangazi yako?"

Picha iliyofuata ilikuja siku chache baadaye. Kasigau yote kijivu, na kile kipande chekundu hakikuwepo. Nikakishuku chombo. Nikalishuku wingu, ingawa mbingu ilikuwa safi. Kisha nikaogopa, nikaondoka asubuhi ileile.

Nilimkuta ameketi mlangoni, mzima. Bati lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu. Kunde zote zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa kando ya ua.

"Nani amefanya hivi?" nikauliza.

"Mimi. Sasa shamba langu linafanana na yao." Alinyoosha kidole kwenye mkoba wangu. "Haya, toa mashine yako. Pima tena, uende ukawaambie."

Sikuweza kuitoa. Niliketi karibu naye kizingitini, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwomba chakula. Akasema chakula chake kilikuwa zile kunde.