Moshi Wenye Viatu

Kila asubuhi, kabla ya chai, shangazi yangu huifuta lenzi ya kamera yake kwa kipande cha fulana kuukuu, akaipuliza, akaikagua kwa jicho moja, ndipo aseme, "Haya, tuione dunia." Mwenye studio alikokuwa akifanya kazi, ambaye ni shemeji yake, alikuwa akimtania kwamba kamera hiyo inaogeshwa kuliko mtoto mchanga.

Studioni alipiga picha za vitambulisho: kaa wima, usicheke, anayefuata. Siku za mapumziko tulisafiri mimi na yeye kwenda mapangoni. Kule chini ni giza tupu, mkono wako mwenyewe huuoni. Kamera inasimama kwenye miguu yake mitatu, mimi nabonyeza na kuliacha jicho lake wazi, naye anatembea akiupaka ukuta mwanga wa tochi, taratibu, kama mtu anayepaka chokaa. Kwa kuwa hatulii mahali pamoja, kwenye picha haonekani. Linaonekana pango, na mawe yanayoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka.

Picha zikapendwa. Mwenye studio akazitundika dirishani, chini yake akaandika jina lake mwenyewe. Shangazi alipouliza, akajibiwa kwamba studio ni moja, na tena nani ataamini mwanamke anaingia mashimoni?

Halafu bwana mwenye studio akataka naye apigwe picha pangoni, kamera mkononi, awekwe kwenye bango. Tukaenda naye. Shangazi alimpa sharti moja tu: asitikisike mpaka aambiwe. Akapita popo. Mikono ikaenda huku, kichwa kule, miguu ikaganda. Picha ilipotoka, ukuta ulikuwa safi kabisa, na mbele yake moshi wenye viatu.

Tuliporudi studioni, mwenye studio akaamuru kesho twende tukarudie. Shangazi alikwenda dirishani akaanza kuzitungua picha zake, moja moja, bila haraka.

"Shemeji, ukitoka na hizo, usirudi."

"Ile ya moshi nakuachia. Iandike jina, shemeji, ile ni yako kweli."

Akavaa kamera shingoni, akaweka ufunguo mezani, akatoka. Mteja wa kitambulisho alibaki amekaa wima, hacheki, hajui amtazame nani. Mwavuli wa shangazi ulikuwa nyuma ya mlango, na nje mvua ilikuwa imeanza. Nilimkumbusha. Alisema mwavuli ukae hapohapo, na mpaka leo hajaufuata.