Koti ya Baba Mukwe Kwenye Bariyere

Aibu yenye nilipata ile siku kwenye bariyere, kizuizi ya baaskari barabarani, hata leo nikiikumbuka nafunika uso na kitenge. Ninyi ni barafiki yangu, najua mutacheka tu. Bon, mucheke.

Ilikuwa wakati ya vita. Mimi na bwana yangu Mumbere tulikuwa tunakaa Beni, upande ya Mavivi, mais familia yake yote iko Butembo, kule Vulamba, na munajua tofauti: Beni unalala bila shuka, Butembo asubuhi meno inagongana. Donc kila mwaka tukipanda kule kwenye miezi ya baridi, Mumbere alivaa koti ya baba yake, koti nyeusi ya sufu, nzito, muzee alimupatia na mikono yake mwenyewe. Tukishuka, kazi ya kuichunga ilikuwa yangu. Mama mukwe alinionyesha: ufue, uanike mpaka kola ikauke, halafu ukunje na majani ya tumbaku ndani, badudu baikimbie.

Mwaka moja tulirudi Beni na mvua. Koti ilikuwa na jasho, na mafuta ya mbuzi kwenye mukono, mi nilikuwa nimechoka, nikaikunja vile vile mubichi, nikaitia kwenye plastiki, nikaisukuma ndani ya kantine (ile sanduku ya chuma) chini ya kitanda, nikasema nitaifua kesho. Kesho ile haikufika. Vita ilifunga barabara, muzee akafa kule juu, hatukuweza hata kumuzika, na kwenye joto ya Beni nani angefikiri koti?

Barabara ikafunguka, habari ikashuka: kuko misa ya kumaliza kilio, Mumbere njo muzaliwa wa kwanza, njo atasema mbele ya familia, na mama anataka kumuona ndani ya koti ya baba yake.

Asubuhi ya safari lori inapiga honi, njo nafungua kantine. Tupepeo tudogo twa rangi ya vumbi, nondo za kukula sufu, tukanirukia kwenye uso. Kumuambia Mumbere? Hapana! Nikakamata chupa ya petroli, ile ya taa, nikamwaga juu ya koti badudu bafe, nikafunga. Hata sikuikunjua nione. Nilijiambia harufu itaisha njiani.

Harufu ikapanda lori pamoja na sisi. Batu bakaanza kunusa, mama moja anauliza nani amebeba mafuta, mi naangalia milima sawa mugeni.

Kwenye bariyere, komanda wa basoda (baaskari), mutu munene wa kutoka mbali, akanusa pia.

"Nani anapitishia adui mafuta hapa? Bote chini!"

Tukashuka, tukasimama mustari na woga, kwa sababu ile wakati neno sawa ile, 'adui', iliweza kuua mutu. Basoda bakafuata harufu mpaka kwa kantine.

"Ya nani?"

Nikanyanyua kidole. Bakafungua, komanda akavuta koti, na kwa mbele, naapa, ilikuwa muzuri, nyeusi, bifungo byote biko. Pale juu ya mulima upepo ulikuwa mukali. Akasahau mafuta.

"Hii inabakia na mimi," akasema.

Komanda akavaa, akafunga bifungo, akatandaza mikono kwa basoda yake: "Niko namna gani?"

Krraa! Mugongo ukafunguka kutoka kola mpaka kiuno, mukono moja ukaanguka kwenye vumbi, na tupepeo tukatoka kwenye kwapa, tukazunguka kichwa yake. Mutu moja akacheka, na ule mutu ni mimi (siyo furaha, ni woga, nacheka nikiogopa, njo vile nilizaliwa).

"Mama, unanicheka?"

"Hapana, komanda. Najicheka mwenyewe. Ni mimi niliichunga."

Akaangalia ule mukono chini, akaniangalia, akageukia Mumbere.

"We njo bwana yake?"

"Ndiyo, komanda."

"Pole sana, ndugu yangu."

Basoda bakapasuka kucheka, lori nzima ikacheka, na yeye akanitupia koti: "Beba bitu byako, mupite!"

Mpaka Butembo Mumbere alikaa na ule mukono wa koti juu ya magoti, anaupangusa vumbi. Ile iliniuma kupita kicheko ya batu.

Vulamba, mama mukwe akanusa mara moja. "Petroli?"

"Ndiyo, mama."

"Na jua? Jua ya Beni iliisha?"

Akatoa kitenge yake ya juu, akamufunga mutoto yake kwenye mabega, na Mumbere akasimama mbele ya familia na kashati kepesi ka Beni. Baridi ikamutetemesha, sauti ikatetemeka, bashangazi bakafikiri analia, bakaanza kulia naye, na kilio ya lupango nzima (uwanja wa nyumba) ikamuingia mpaka akalia kweli, anamulilia baba yake mwenye hakumuzika.

Tangu pale, kwangu nguo ya baridi haiingii kantine kama haijafuliwa na kukauka. Mvua ikinyesha wiki nzima, inaninginia katikati ya nyumba, na bageni bainame bapite.