Shianda Haifutwi

Niliondoka Nairobi siku ya Jumanne kwa sababu Jumatatu yake nilikataa kubonyeza kitufe kimoja. Nawasimulia nyinyi wa nyumbani, hasa vijana wa Kisauni mnaonijia na disketi mkononi mkitaka niwafundishe programu za takwimu, kwa kuwa mengi ninayowafundisha niliyapata katika safari hiyo ya Kakamega, miaka ya tisini ikiwa katikati.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya mkataba katika mradi wa maji. Mradi ulikuwa unajengea chemchemi: unaizungushia chemchemi ukuta wa saruji na kuitia bomba, ili watu wateke maji ambayo ng'ombe hawajayakanyaga. Wadadisi wetu walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba sehemu tatu, Malinya, Musanda na Shianda, wakiwauliza kina mama wanatumia chemchemi gani na kama watoto wao waliharisha siku za karibuni. Majibu yakaletwa kwangu niyaingize kwenye kompyuta na kuyachambua. Malinya na Musanda yalikuwa mazuri: waliotumia chemchemi iliyojengewa, watoto wao waliharisha kwa nadra. Shianda hakukuwa na tofauti yoyote. Na nilipozichanganya sehemu zote tatu, Shianda iliyavuta matokeo chini hadi faida ya mradi mzima ikawa haionekani vizuri.

Mkuu wangu, Daktari Njeru, alisimama nyuma ya kiti changu akaisoma skrini.

"Wafadhili wanakuja Jumatatu ijayo," alisema. "Ondoa Shianda."

"Niiondoe kwa sababu gani?"

"Inatuharibia. Watu wa huko walijibu ovyo. Ni amri moja tu, Mwanaisha."

Hapo alisema kweli. Katika programu ile unaandika mstari mmoja wa kuchagua sehemu unazozitaka, unabonyeza, na Shianda yote inatoweka, kina mama na watoto wao, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwao. Niliondoa mikono kwenye kibodi nikaiweka mapajani.

"Siifuti," nilimwambia. "Nitakwenda nikaone. Kama walijibu ovyo, nitaandika kwamba walijibu ovyo. Kama hawakujibu ovyo, watabaki."

"Nauli ni juu yako," alisema akielekea mlangoni. "Na Jumatatu nitakuwa na ripoti mkononi, iwe yako au ya mtu mwingine."

Jumanne asubuhi nilipanda basi la Kisumu. Kabla ya kutoka ofisini nilikuwa nimenakili data yote kwenye disketi tatu. Moja niliifungia katika droo, moja nikamwachia dada yangu katika mtaa wa Pangani, na moja niliibeba ndani ya kopo la biskuti nililolipakata. Nakala ya kwanza, ile iliyo kama majibu yalivyoingizwa, siigusi kamwe. Nafanyia kazi nakala yake. Msomaji atakayesahau mengine yote hapa, akumbuke hilo.

Nakuru aliingia bwana mmoja na spika kubwa ya redio, akaketi karibu nami na kutaka kuiegemeza kwenye kopo langu.

"Mama, hiyo ni biskuti tu," alisema. "Haitavunjika."

"Si biskuti. Na spika yako ina sumaku. Ikikaa hapa, kazi ya miezi itafutika."

Alicheka, akaisogeza tena. Nami nikalisogeza kopo, kisha nikasimama nalo njiani hadi kondakta akaja akamhamishia spika yake nyuma. Abiria waliniona mgomvi. Niliwaacha wanione hivyo. Tulipita Kericho chai ikiwa imelowa na kung'aa pande zote mbili, na Kisumu nikabadilisha gari. Baada ya hapo barabara inapanda, mawe makubwa yamekaa juu ya vilima vya Maragoli, kisha Mbale, kisha Khayega, na jua lilikuwa halijazama niliposhuka Kakamega.

Kituoni nilipokewa na Rael Khasandi. Alikuwa mwalimu kabla ya kujiunga na mradi, na ndiye aliyefanya mahojiano yote ya Shianda. Alikuja na pikipiki ya ofisi, amevaa suruali ndani ya sketi, kofia ya chuma kichwani. Nilikunja buibui langu nikapanda nyuma. Kwake, mtaa wa Amalemba, alinipikia ingokho, kuku wa kienyeji mwenye mchuzi mzito, na obusuma, ambao sisi tunauita sima. Alingoja nishibe kwanza.

"Madam, nimesikia Nairobi wanasema watu wangu wa Shianda ni waongo."

"Mkuu ndiye anayesema. Mimi sijui, ndiyo maana nimekuja."

"Nimefundisha watoto miaka mingi. Mtu akidanganya, namjuanga. Wale akina mama walinijibu ukweli. Kama kuna mtu wa kufutwa, wanifute mimi."

"Mwalimu," nilimwambia, "hapa hafutwi mtu."

Jumatano asubuhi tulikwenda ofisi ya mradi. Palikuwa na kompyuta moja, na ilikuwa ya mhasibu, Bwana Imbuga, aliyeitumia kwa mishahara. Alitupatia kiti bila furaha na kutuonya: "Fanyeni mbio. Hapa stima inapoteanga mvua ikikuja, na mvua inakujanga kila mchana."

Nilianza mahali ninapowaambia muanze. Msikimbilie wastani wala majaribio makubwa. Kwanza iambieni programu iwaoneshe kila swali lilipata majibu gani, dogo kabisa ni lipi na kubwa kabisa ni lipi, mketi mkayasome kwa macho. Nilipofika kwenye umri, nikakutana na watoto wa miezi tisini na tisa. Sisi tuliwauliza mama wenye watoto wa chini ya miaka mitano.

"Hiyo tisini na tisa ni mimi," Rael alisema. "Tuliambiwa mama asipojua umri wa mtoto, andika hivyo."

Wadadisi wote waliambiwa hivyo, ila hakuna aliyeiambia kompyuta. Kwayo tisini na tisa ni tisini na tisa, nayo iliwahesabu wale watoto kama wa miaka minane. Niliandika amri ya kuieleza kwamba namba hiyo maana yake ni jibu linalokosekana. Wastani wa umri ukashuka pale pale. Nililiita tena jedwali la Shianda, nikitamani sana kosa liwe hapo, nirudi Nairobi na jawabu jepesi. Shianda haikubadilika.

Mchana mbingu ikawa nyeusi, na kabla sijamaliza sentensi niliyokuwa nikimwambia Rael, umeme ukakatika. Bwana Imbuga alishika kichwa kwa ajili yangu. Lakini mimi sina mazoea ya kuandika amri na kuziacha zipotee. Naziandika katika faili ya peke yake, moja chini ya nyingine, nikieleza kila moja ni ya nini, na kuhifadhi kila mara. Umeme uliporudi niliifungua faili, nikaiendesha kutoka juu hadi chini, na kazi ya tangu asubuhi ikajirudia tukiwa tunakunywa chai. Tangu hapo Bwana Imbuga alianza kutuita wataalamu, na akatuachia kiti.

Alhamisi tulishika njia ya Mumias kwa pikipiki. Miwa pande zote, trekta zikivuta matela yaliyojaa, na vipande vya miwa vimelala barabarani vikingoja kumwangusha mpanda pikipiki. Rael alivikwepa bila kupunguza mwendo. Shianda tuliacha pikipiki sokoni tukateremka kwa miguu hadi nyumba ya Mama Zubeda, mmoja wa waliohojiwa.

"Asalaam aleikum," nilisema.

"Waaleikum salaam. Karibuni. Mwalimu, leo umetuletea mgeni wa Pwani."

Tuliketi. Nilikuwa na kiu ya vumbi, nikaomba maji. Mama Zubeda aliingia ndani akafunua chungu kidogo kilichofunikwa kwa sahani, akanichotea. Yalikuwa maji safi na ya baridi. Nikiwa nakunywa, mtoto wake mdogo alikuja mbio kutoka uani, akazamisha kikombe katika pipa lililokuwa chini ya dirisha, akanywa, akaondoka. Maji ya kwenye pipa yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Mama Zubeda," niliuliza, "yale ya kwenye pipa yametoka wapi?"

Uso wake ulikunjamana. "Unataka kusema mimi ni mchafu?"

"Hapana, dada. Nimetoka Nairobi kwa sababu kuna mtu anataka kusema hivyo, nami nimekataa. Nisaidie nimjibu."

Alimtazama Rael, akanitazama mimi, kisha akaokota ndoo. "Twende."

Chemchemi ilikuwa bondeni. Ilijengwa vizuri, saruji haina ufa, bomba linatoa maji meupe. Lakini yalitoka membamba kama uzi, na foleni ya ndoo ilipanda kilima hadi karibu na miwa. Wakata miwa waliopanga sehemu ile nao waliteka hapo hapo.

"Nikija alfajiri napatanga ndoo moja," Mama Zubeda alisema. "Hiyo ni ya kupika, na ya mgeni kama wewe. Nikingoja ya pili, shamba nani atalima? Ya pili naendanga mtoni. Mwalimu aliniuliza natumia chemchemi gani. Ni hii. Sikumdanganya."

Rael alikuwa ameketi juu ya ukuta wa saruji. "Swali lilikuja hivyo kutoka Nairobi," alisema. "Lilisema unatumia chemchemi gani. Halikusema mtoto anakunywa nini."

Kompyuta ilikuwa imejibu swali tulilouliza, na ilijibu sawasawa.

Alasiri hiyo, na Ijumaa hadi mchana, tulirudi kwa kina mama wa Shianda kadiri tulivyoweza kuwafikia, na kuwauliza hilo moja: watoto wenu wamezoea kunywa maji ya wapi. Wengine walikasirika kabla ya kujibu, kama Mama Zubeda. Hatukuwahimiza. Tulipofika ofisini wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mji. Niliyaingiza majibu mapya katika safu mpya, nikaipa jina ambalo hata mtu asiyenijua angelielewa, na ya zamani nikaiacha ilivyokuwa. Yule atakayekuja kunikagua ana haki ya kuona tulichouliza kwanza.

Kisha nikaliita jedwali. Nyumba ambazo watoto walikunywa maji ya bomba kweli, Shianda ilifanana na Malinya na Musanda. Nyumba za mtoni, watoto waliharisha.

Rael alinishika bega. "Basi umeshinda."

"Bado," nilisema. "Tumezifikia nyumba chache. Programu imeweka kinyota chake hapa pembeni kusema tofauti ni ya kweli, lakini kinyota hakijui kwamba wengine hatukuwakuta nyumbani. Nitaandika kwamba inaelekea kuwa hivi."

"Kwa nini ujipunguzie nguvu mbele ya yule mkubwa wako?"

"Ili asipate pa kunishika."

Jumamosi nilirudi Nairobi na kopo langu mapajani. Jumatatu wafadhili walipoketi, Daktari Njeru aligawa ripoti iliyochapishwa tayari. Alikuwa amempata mtu wa kubonyeza. Ukurasa wa matokeo ulitaja sehemu mbili, na Shianda haikuwamo hata katika maelezo ya chini. Nilisimama kabla hajamaliza kusema karibuni.

"Wadadisi wetu walikwenda sehemu tatu," nilisema. "Ya tatu ninayo hapa."

"Mwanaisha, hiyo haijakamilika," alisema kwa upole ambao hakuwahi kunionesha.

"Haijakamilika kweli, na nimeandika hivyo juu ya ukurasa wa kwanza. Lakini ipo."

Nikapita meza nzima nikimwekea kila mmoja karatasi zangu mbele yake. Mama mmoja wa wafadhili alizisoma zote huku Daktari akizungumza, kisha akauliza jambo moja tu: bomba la Shianda linatoa maji kiasi gani asubuhi, na ni nani aliyelipima kabla ya kujenga. Daktari Njeru akafunua kurasa za ripoti yake mbele na nyuma, namba hiyo haikuwamo. Mazungumzo ya siku nzima yakahamia huko.

Mradi haukufungwa. Baada ya masika Rael alinipigia simu kuniambia kwamba Shianda wamejengewa tangi la kukusanya maji ya usiku, na kwamba foleni sasa inaisha kabla jua halijawa kali. Mkataba wangu haukuongezwa. Sikwenda kuubembeleza, nilifunga mizigo yangu nikarudi Mombasa, na ndipo mliponikuta.

Basi mkija kwangu nitawafundisha kuhifadhi nakala, kukagua kila namba kabla ya kuijumlisha, kuandika amri zenu mahali zinaposomeka, na kutoamini kinyota. Hayo mtayajua haraka. Ila lijueni na hili: kompyuta haikatai. Ukiiamuru ifute kijiji, inakifuta, na skrini inakuwa safi kuliko ilivyokuwa. Wa kukataa ni wewe uliyekaa kwenye kiti.