Mwiko Uliosimama Mlangoni

Mwaka niliomaliza darasa la saba, baba alinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Huyu binti yangu anajua kusoma. Mpeni kazi." Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mpui, huko Sumbawanga, nacho kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao na kupangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, na majirani walikuwa bado hawajazoeana. Kazi niliyopewa ilikuwa kufundisha kisomo cha watu wazima, kile ambacho kila mtu alikiita ngumbaru. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wanafunzi wangu walikuwa akina mama kumi na wanne. Mkubwa kuliko wote alikuwa bibi mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ya mwisho, kule bondeni.

Siku ya kwanza waliposimama kuniamkia kama watoto wa shule, niliona aibu nikawawahi. "Shikamooni, mama zangu." Wakacheka, tukakaa.

Tulisomea kwenye baraza la ghala la kijiji, saa tisa alasiri, wakitoka shamba. Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo bora cha mahindi. Weka mbolea. Palilia mapema. Yalikuwa maneno ya kweli kabisa, lakini mtu aliyelima tangu asubuhi hana hamu ya kukaa chini asome tena habari za jembe. Upepo wa Ufipa ulivuma, wao wakajikunyata ndani ya vitenge vyao wakasinzia. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wamebaki sita.

Mimi tangu shuleni nilipenda kutishwa. Rafiki yangu mmoja alikuwa hodari wa kusimulia, na hadithi zake zilizonikosesha raha hazikuwa za mazimwi wala za fisi. Zilikuwa za vitu vya nyumbani. Mtungi unaopumua. Kamba ya kuanikia nguo inayofupika kila siku, kidogo kidogo. Zimwi sikuwahi kuliona, kwa hiyo niliweza kulisahau. Lakini mtungi ulikuwepo kwetu, palepale kwenye kona, na kiu ikinishika ni lazima niuendee. Nilitoka kwenye hadithi zile nikiitazama nyumba yetu kama mgeni, na nilipenda hivyo. Kila kitu kilikuwa kimeamka.

Siku moja tulikuwa tunasoma mwa, mwe, mwi. Niliandika ubaoni: mwiko. Kisha: Mwiko uko jikoni. Wakasoma kwa uvivu. Nikawatazama wale sita, mmoja kichwa kimeshaanguka kifuani, na sijui nilipata wapi ujasiri. Nikaandika: Asubuhi mwiko uko mlangoni. Umesimama.

Mama mmoja akasoma polepole, silabi kwa silabi, akafika mwisho akarudia. "Umesimama? Umeegemea nini?"

"Haukuegemea kitu," nikasema.

Aliyesinzia akainua kichwa. "Nani alitoka nao jikoni?"

"Kesho," nikasema, nikafuta ubao.

Kesho yake walikuja tisa.

Nikajiwekea sheria. Kila siku sentensi mbili, mwishowe tatu, na mimi sisomi kamwe. Atakayetaka kujua mwiko umefanya nini asome mwenyewe. Sikuufanya uruke wala useme. Kila siku ulisogea tu hatua moja kuelekea kitandani kwa mwenye nyumba, na ugali uliosongwa nao ulizidi kuwa mtamu. Hilo la utamu ndilo liliwatisha kuliko yote. Walisoma huku wameshikana mikono, wakipiga kelele za woga, halafu wakicheka hadi machozi. Haikupita muda mrefu darasa likajaa. Wanaume waliopita njiani walisimama wakiuliza kulikoni. "Tunasoma," akina mama wakawajibu, na walivyolitamka neno lile, nilijiona nimekuwa mrefu.

Jambo moja tu lilitushinda kukubaliana.

"Mwalimu, nani aliyeutuma?"

"Hakuna aliyeutuma."

"Haiwezekani. Kitu hakiamki bila mtu."

Walibishana kwa Kifipa, wakanirudia kwa Kiswahili, nami nikakataa. Watu wa mikoa mingine walikuwa wakitutania kwamba sisi wa Sumbawanga ni watu wa uchawi, na utani ule niliuchukia. Lakini hata sisi wenyewe, hapo kijijini, swali la nani halikuwa mchezo. Mtoto akiugua, jina la mtu lilinong'onwa. Sikutaka hadithi yangu iwe na jina la kunong'onwa. "Mwiko wenyewe ndio mbaya," nikasema. "Basi."

Kisha mama aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wote akasema, "Basi hapo hakuna wa kumchukia. Tunaogopa tu."

"Tunaogopa tu," nikasema.

Nilidhani tumemaliza. Wiki mbili baadaye, mtoto wa mama mmoja kijana katika darasa langu alishikwa na homa kali akaanza kutetemeka mwili mzima. Alikimbizwa zahanati, mama yake akarudi naye jioni. Asubuhi iliyofuata, mwiko wa kweli ulikutwa umesimamishwa kwenye mlango wa yule bibi mjane. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mtu alikuwa amejibu lile swali la nani kwa mkono wake mwenyewe.

Habari ilinifikia nikichota maji. Ndoo ilinitoka. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba sifundishi tena, kwamba hadithi yangu imemchafua bibi wa watu.

Baba alikuwa ananoa shoka. Hakuinua macho. "Umeianzisha wewe. Leo nenda. Kama ni kuacha, utaacha kesho."

Nikaenda. Wote walikuwepo, wamekaa, hakuna anayemtazama mwenzake. Yule mama kijana alikuwepo pia. Mtoto wake alikuwa ameanza kunyonya tena, naye amempakata. Nafasi ya bibi ilikuwa wazi. Nilishika chaki nisijue la kuandika.

Ndipo tukamwona anakuja kutoka bondeni, mgongo umeinama, mwiko mkononi. Alipanda barazani, akasimama mbele ya darasa.

"Mwenye mwiko huu auchukue," akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Haya. Mwalimu, andika. Mimi nataka kusoma."

Katika wote, bibi ndiye aliyekuwa mzito zaidi wa kusoma. Alikuwa hajawahi kumaliza sentensi bila kusaidiwa, na macho yake hayakuwa mazuri. Nikaandika kwa herufi kubwa: Mwiko haukutumwa na mtu.

Alisogea hadi pua yake ikakaribia ubao. Akaanza. "Mwi. Ko. Ha. U. Ku." Alisimama, akarudi nyuma, akaanza upya. Hakuna aliyemsaidia. "Haukutumwa. Na. M. Tu." Akaweka kidole chini ya kila neno, akasoma tena yote kwa mkupuo: "Mwiko haukutumwa na mtu."

Akageuka. "Mmesikia? Nimesoma mwenyewe. Ule wa ubaoni umetembea wenyewe, na mimi nilikuwa nauogopa kama ninyi. Huu hapa umeletwa kwa miguu ya mtu. Huu siuogopi. Ni wa mti mzuri. Asiyeutaka, mimi nitausongea ugali."

Mama kijana akainuka na mtoto wake, analia. "Ni wangu, bibi. Nilichanganyikiwa. Nisamehe."

Bibi alimgeukia. Niliogopa angesema neno ambalo kijiji kisingelisahau. Akamnyooshea mwiko. "Chukua. Lakini leo utasonga kwangu. Kuni ninazo. Na huyo mtoto nipe, nimpakate huku unasonga."

Walishuka pamoja bondeni mbele ya macho ya kijiji kizima, bibi amembeba mtoto. Kesho yake nilikwenda kufundisha.

Mwisho wa mwaka alikuja mkaguzi wa elimu kutoka mjini, kwa Landrova, kuwapima wanafunzi wangu. Alimwita kila mmoja mbele, akamfungulia kitabu cha mahindi popote. Mmoja baada ya mwingine walisoma, nami nikasimama nyuma, mikono nimeificha ndani ya kitenge, nikifuatisha kila silabi kimoyomoyo. Zamu ya bibi ilipofika, alisoma mistari mitatu ya mbolea bila kukosea, akafunga kitabu.

"Hiki hakina mambo," akamwambia mkaguzi. "Mwanangu, nikusomee kingine?"

Akatoa daftari lake. Hata mimi sikuwa na habari. Alikuwa ameandika, herufi zinapanda na kushuka, habari za kigoda. Kigoda hicho kila anapokikalia mwenye nyumba kinakuwa kifupi kidogo, na mgeni akikikalia kinakuwa kirefu. Mwenye nyumba anaanza kuwatazama wageni wake kutoka chini. Alisoma kurasa mbili, polepole, na mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani na kalamu mfukoni, alikuwa ameinama mbele. Bila kujua, alikuwa amenyanyuka kidogo kutoka kwenye kigoda tulichomkalisha.

"Halafu?" mkaguzi akauliza, bibi alipofika mwisho.

"Halafu sijaandika."

Dereva alipiga honi. Mkaguzi hakuitikia. Alituuliza ni kitabu gani kilichowafundisha haya, maana katika vijiji vyote alivyopita hakukiona.

"Hakuna kitabu," bibi akasema, akanishika bega, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyofikiri. "Ni huyu mwanetu."

Wote walifaulu isipokuwa wawili, na hao wawili walifaulu mwaka uliofuata. Mimi nilipelekwa chuo cha ualimu, nikafundisha hadi nilipostaafu. Nimepewa vyeti na nimepigiwa makofi mara kadhaa mbele ya watu wakubwa. Lakini nikiulizwa ni siku gani nilijua kwamba mimi ni mwalimu, nitataja ile ya ghalani, bibi amesimama mbele ya ubao, anairudia ile sentensi kwa mkupuo.